Siku Niliyoleta Dhahabu Kwenye Kijito cha Nyuma ya Soko

Chekeni mmalize leo leo, kwa maana aibu hii nimekataa kuisimulia karibu mwaka mzima na sasa hata binti yangu Achieng anaihadithia shuleni, kwa hivyo sina tena uso wa kulinda: mimi ndiye niliyefanya nusu ya mtaa wetu hapa Migori iamke alfajiri, majembe begani, iende kuchimba dhahabu ndani ya nepi za watoto.

Kijito chenyewe kinapita nyuma ya soko. Waliozaliwa zamani wanasema waliogelea humo. Sisi tulikikuta kimejaa mifuko, tairi na kila kitu ambacho mtu hataki kukiona tena nyumbani kwake, na masika yakifika maji hukosa njia, yanageuka na kuingia kwenye vibanda vya chini. Kibanda cha kwanza kuingiliwa ni cha mama mkwe wangu, Mama Akinyi, anayekaanga samaki kutoka Sori, kule ziwani. Msimu mmoja maji yalimchukulia jiko, meza na samaki wa siku nzima, na mke wangu alilia kama amefiwa. Ndipo wafanyabiashara wakaunda kikundi cha kukiponya kile kijito, wakanichagua kuwa katibu (nadhani kwa sababu nina mwandiko mzuri), nikaanza kuandika mpango: taka zitolewe, kingo zilazwe zisiporomoke, mafunjo na miti ya kienyeji ipandwe.

Alhamisi wageni wa ofisi ya maji walikuwa waje kutoka Homa Bay kuukagua. Wakiukubali, tungepata tingatinga na miche kabla ya mvua. Wakiukataa, mama mkwe angengoja mafuriko mengine akiwa amekaa palepale. Nilimtumia salamu kupitia kwa mke wangu (kwetu mtu na mama mkwe wake hawapigi soga, wanaheshimiana kwa mbali) kwamba asiwe na wasiwasi. Naye akajibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie baba Achieng kuna chemchemi chini ya zile taka, karibu na jiwe kubwa jeusi. Aiandike." Nikatazama ramani kwenye simu, sikuona chemchemi, sikuandika kitu.

Sasa sikilizeni nilivyojiroga. Kikundi kilikuwa kimeniambia kabla sijapima chochote nitangaze sokoni kwa kipaza sauti, watu wajue. Nikaona hiyo ni kazi ya kunipotezea siku, na kusema kweli nilitaka niwe yule bwana anayetokea na kazi iliyokamilika. Kwa hivyo Jumatano mchana nikaenda peke yangu, nikachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu (uliobaki kwenye harusi ya dada yangu), nikachimba vishimo, nikatia udongo kwenye vifuko, nikaviandika namba, halafu, kwa kuwa nilitaka kujua mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi ni kiasi gani, nikaazima karai nikaanza kuusuuza ule udongo polepole, nikiuzungusha, nikiinamia kutazama kilichobaki chini.

Anayesoma haya akiwa mbali huenda bado haoni kosa. Mtu wa Migori ameshashika kichwa.

Ochieng, fundi wa pikipiki aliyewahi kuchimba dhahabu Macalder miaka mingi, akiisuuza kwa karai vilevile, alisimama juu yangu. "Sekretari, unatafuta nini hapo?"

"Mambo ya ofisi hayo, siwezi sema," nikamjibu, na mjinga mimi nikafunika karai kwa mkono. Wengine huponzwa na mdomo. Mimi niliponzwa na kunyamaza.

Asubuhi nikawaongoza wageni kuelekea kijitoni, nimefunga tai, na mhandisi wao, mama mmoja mwenye buti safi, akiniuliza maswali ambayo majibu yake nilikuwa nimeyakariri. Tukaanza kusikia majembe. Tulipofika ukingoni niliona watu ambao hata siku ya mkutano wa chifu hawajai hivyo, wengine wako kwenye matope hadi mapajani, vigingi vyangu vimeng'olewa vyote, kilima cha taka kimerundikwa juu.

"Watu wenu wamejitolea kweli," mhandisi akasema.

Kabla sijaipokea sifa hiyo, mtu akapiga kelele: "Huyo hapo! Huyo ndiye alipima! Sekretari, tuonyeshe mwamba wa dhahabu uko wapi!" Wakanivuta mkono, kiatu kikateleza, nikashuka ule ukingo kwa makalio mpaka chini, nikakomea miguuni pa mwanamke aliyefunga sketi juu ya magoti, jembe mkononi. Nikainua macho. Mama mkwe. Nikayafumba palepale. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na siku hiyo ilikuwa imeshachimbwa, ningeingia tu).

Nikakiri, macho bado yamefumbwa. Nikasema hakuna dhahabu, nilikuwa napima udongo wa kupanda mafunjo, nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuonekana mkubwa. Mtu akasema, "Yawa! Nimeacha kazi juu ya mafunjo?" nikasikia watu wakisogea, na niwaambie ukweli, niliogopa.

"Hata mimi karai ya kwanza tu niliona hakuna kitu," Ochieng akasema. "Lakini Mama Akinyi alituambia iko hapa kwa jiwe."

Nikasikia wote wakimgeukia. Hakusema nami, sauti yake ilimwendea mhandisi. "Niliwadanganya," akasema. "Miaka mingi nimeimba juu ya hii chemchemi, hakuna mtu alinyanyua jembe. Leo wamekuja wenyewe na majembe yao. Ningewaacha wachimbe mahali hakuna kitu?"

Hapo nikafumbua macho. Chini ya jiwe jeusi maji yalikuwa yanatoka, meupe, yakisukuma matope kando. Ochieng akayakinga kwa kiganja, akanawa uso, akaanza kucheka, na kicheko kikapanda ukingo mzima. Sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile.

"Kwenye mpango wako hii chemchemi iko ukurasa gani?" mhandisi akaniuliza.

"Haiko, madam."

"Iandike. Ikae ukurasa wa kwanza, halafu nitatia sahihi."

Nikaiandika palepale, matope yakidondoka kwenye karatasi.

Tingatinga lilikuja, masika yakaja, na maji yakapita njia yake. Jioni ya mvua kubwa mke wangu alirudi na samaki wawili waliofungwa kwenye gazeti kavu, na ujumbe: "Mama anasema kibandani hakujaingia hata tone. Na baba Achieng akitaka kupima tena, aulize kwanza."

Nauliza. Siku hizi sichomeki hata kijiti kabla ya kutangaza sokoni kwa kipaza sauti na kumtuma mke wangu kwa mama yake. Na karai sishiki tena mbele za watu, hata kumwogesha mtoto.