Inchi za Maziwa

Watu waliniambia nitulie, maziwa yatakauka yenyewe. Walilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyekuletea habari njema, na kila aliyeniletea habari hiyo nilitamani kumwonyesha mlango. Mtoto wetu alikufa kabla kitovu chake hakijaanguka. Mume wangu alimpeleka kwao, ng'ambo ya mpaka, upande wetu wa Kenya, akazikwa asubuhi na mapema bila matanga, maana ndivyo wanavyozikwa kwetu watoto wachanga. Mimi nilibaki Kibuli, huku Kampala, kwa sababu mshono wa upasuaji ulikuwa bado mbichi. Sikuliona kaburi. Hakuwa amepewa jina, kwa hiyo hata la kuita sikuachiwa. Kilichobaki ni maziwa, nayo yalifurika wiki ileile ya mazishi, mengi na ya moto, mpaka nikawa silali kifudifudi wala ubavu.

Niseme wazi jambo lililonitesa, maana nikilificha haya mengine yote yataonekana upuuzi. Nilitaka maziwa yaishe, kwa sababu kifua kiliuma kama jipu. Na nilitaka yasiishe, kwa sababu yakiisha hakutakuwa na kitu chochote mwilini mwangu wala nyumbani mwangu cha kuonyesha kwamba alikuja.

Mama mwenye nyumba wetu ni Mnubi. Wazee wake waliletwa huku na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, na yeye mwenyewe hajatoka Kibuli ila kwenda Makka, ndiyo maana sote pale uani tunamwita Hajati. Anashona nguo za harusi chumba cha mbele, na cherehani yake huanza kulia mara tu watu wakitoka msikitini asubuhi. Mume wangu alipokuwa bado yuko mazishini, Hajati aliingia kwangu bila hodi, na kabichi mkononi na leso mbili begani. Akayabandua majani ya kabichi, akayaponda kidogo kwa chupa, akayapanga kifuani kwangu yakiwa ya baridi, halafu akanifunga leso zile mpaka nikashindwa kuvuta pumzi.

"Usikamue, mwanangu," akaniambia. "Ukikamua, titi inafikiri mtoto iko. Inaleta ingine. Wacha ijue."

Wacha ijue. Nilikaa na maneno hayo nikinuka kabichi. Kila mtu alikuwa ameshajua isipokuwa matiti yangu, na sasa kazi yangu ilikuwa kuyapelekea taarifa.

Kazini nilikuwa karani wa mauzo katika duka la vifaa vya umeme, Kansanga. Tajiri wangu alinipigia simu kunipa pole. Katika simu hiyohiyo, kabla pole haijapoa, akasema kwamba likizo ya uzazi ni kwa ajili ya kunyonyesha, na kwa kuwa sina wa kumnyonyesha, basi angefurahi kuniona mapema. Nikamwambia asante. Mpaka leo nikiikumbuka ile asante natamani kuitema. Sare yetu ilikuwa fulana ya rangi ya samawati yenye kola, ya kubana, ya kitambaa kile ambacho tone moja la maji huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nguo yoyote iliyo nyepesi chini yake ingenifedhehesha mbele ya mafundi wanaokuja kununua nyaya. Nilihitaji sidiria ya kunikaa sawasawa, yenye kubeba na kuzuia.

Nikaenda soko la Kamwokya, kwenye mitumba. Anayenunua sidiria kule anajua utaratibu. Hakuna chumba cha kujaribia, hakuna pazia. Muuzaji anakutazama mara moja, anachomoa moja kwenye rundo, unapitisha mikono, unaivaa juu ya nguo zako palepale, na mama anayeuza nyanya jirani anatoa maoni yake. Nimenunua hivyo tangu nihamie Kampala na sijawahi kuona ubaya wake. Ila siku hiyo chini ya gauni nilikuwa na leso mbili, majani ya kabichi na kitambaa cha taulo nilichokikunja mara nne kuzuia kuvuja. Ningeanzaje kumweleza muuzaji?

"Nyabo, wewe iko kubwa!" akasema muuzaji, akifunga ndoano mgongoni kwangu. "Hii ndogo wacha. Chukua hii, ni ya muzungu mukubwa."

Muuza nyanya akasema imenitosha kabisa. Nikalipa, nikaondoka.

Nyumbani nilipofungua leso na kuivaa juu ya ngozi, ilining'inia kama mfuko wa sokoni. Mtu angeweza kuweka viazi humo. Nilikaa kitandani nikacheka, kicheko kibaya, halafu nikalia mpaka Hajati akagonga ukuta kuuliza kama naumwa. Nilikuwa nimenunua sidiria ya kuvalisha kabichi.

Ndiyo nikaamua kujipima mwenyewe. Sikuwahi kujipima maishani. Namba yangu ilikuwa ile iliyokuwa imeandikwa kwenye sidiria yoyote niliyokuwa nimeivaa wakati huo, na mara nyingi ilikuwa imefutika. Nilimwomba Hajati tepu yake moja ya kushonea, ile ya njano iliyochakaa ncha, nikajifungia chumbani, nikatafuta kwenye simu video ya kufundisha.

Alitokea mwanamke mmoja mwenye meno mazuri na furaha isiyo na sababu. Simama wima, akasema, usijaze pumzi. Zungusha tepu chini ya matiti, ibane vizuri, iwe sawa mbele na mgongoni. Hiyo ndiyo namba ya mkanda. Kisha pitisha juu ya matiti pale yalipotokeza zaidi, bila kubana. Toa namba ya kwanza katika ya pili. Tofauti ya inchi moja ni A, mbili ni B, na kuendelea. Nilimfuata vizuri tu. Chini thelathini na nne. Juu arobaini. Nilikuwa nahesabu herufi kwa vidole alipoongeza, akitabasamu vilevile, kwamba mama anayenyonyesha ajipime mara tu mtoto akishashiba, maana hapo ndipo kipimo hakidanganyi.

Akishashiba nani? Nilimuuliza kwa sauti, mimi na simu, tepu imenizunguka kifuani. Yeye akaendelea kuelezea mikanda ya mabegani.

Ningeweza kuachia hapo, nikanunua sidiria yoyote ya kati. Lakini lile neno lilinikaba. Kipimo changu cha kweli kilikuwa kinamsubiri mtu wa kushiba. Basi nikachukua kikombe, nikafanya lile nililokatazwa. Nikakamua. Yalitoka kwa shida mwanzoni, halafu yakaja yenyewe, na maumivu yaliposhuka nilihisi nimepewa ruhusa ya kuwa mama kwa dakika chache. Nilipojipima tena, tepu ilisoma thelathini na nane. Inchi mbili nzima zilikuwa za mwanangu. Nilizitazama kwenye kikombe. Sikuthubutu kuzimwaga chooni. Nilitoka nje nikazimwaga shinani mwa mgomba wa Hajati, polepole, nikitazama huku na huku.

Tangu hapo nikawa na desturi yangu. Hajati akinifunga leso, nami nikibaki peke yangu nazifungua. Nakamua, najipima, najifunga tena. Alipouliza kwa nini hayakauki, nilisema sijui, labda ni kabichi za siku hizi. Sijuti. Mtu aliyekuwa na kaburi la kutembelea angetembelea kaburi. Mimi nilitembelea tepu. Kabla na baada, nikiona zile inchi mbili bado zipo, nilipata nguvu ya kuoga na kula.

Lakini mwili una kiburi chake. Siku moja, kabla ya kukamua, nikasoma thelathini na tisa. Nikadhani nimeshika tepu vibaya. Nikarudia, nikajinyoosha, nikageukia kioo kuhakikisha iko sawa mgongoni. Thelathini na tisa. Kikombe nacho kilianza kuwa na majimaji ya kijivu chini tu. Nilikunywa uji wa mtama asubuhi na jioni, nikanywa supu, nikala karanga mpaka tumbo likauma, vyakula vyote wanavyopewa wazazi. Tepu ikashuka hivyohivyo. Nimeona watu wakifurahia kupungua inchi. Mimi kila nusu inchi niliiomba kwa Mungu ibaki, na haikubaki.

Mume wangu alikuwa amesharudi wakati huo, mkimya, akiondoka asubuhi kwenda kwenye malori yake na kurudi jioni na mkate ambao hakuna aliyeula. Hatukuwa tumeongea lolote la maana. Jumapili moja baada ya ibada alifungua mlango akanikuta nimesimama kifua wazi, tepu mkononi.

"Unajipima nini kila wakati?" akauliza.

"Maziwa," nikasema. "Yanaisha."

Akakaa kitandani, akavua viatu. "Afadhali, mke wangu," akasema. "Yakiisha utapumzika. Tutapata mwingine."

Hapo nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia yeye alimbeba, yeye alimfunika udongo, yeye ana mahali pa kuonyesha kwa kidole. Mimi nimeachiwa chakula cha mtu asiyekuja kula. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu arudi.

"Kaburi lake lina urefu gani?"

Nikamrushia tepu. Aliiokota, akaweka ncha yake juu ya shuka, akaivuta, akaivuta tena kidogo, akaibana kwa kidole gumba. Ilikuwa fupi kuliko mto wa kulalia. Sikusoma namba. Yeye ndiye aliyelia wa kwanza, kwa sauti, kidole bado kimebana pale, na mimi nikakaa karibu yake na mikono yangu imekufa. Nilitamani kumshika. Sikuweza. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri ikaita juu kilimani, kisha akainuka akaenda kuchota maji.

Hajati alijua, nadhani alijua siku zote. Siku kikombe kilipotoka kikavu alinikuta uani nimekishika. Akakichukua, akakisuuza, akakifunika juu ya meza yake ya vyombo.

"Mimi nilizika wawili," akasema. "Maziwa inaisha. Hiyo ingine haiishi."

Nilidhani ataongeza neno la kunituliza. Akarudi kwenye cherehani. Jioni hiyo nilijipima kwa mara ya mwisho. Juu thelathini na sita, kabla na baada, hakukuwa tena na tofauti ya kutafuta. Nikamrudishia tepu yake.

Nikarudi kazini. Fulana ile ya samawati haikulowa hata mara moja. Ndani yake nilivaa sidiria kuukuu iliyopwaya, nikiipindapinda, maana sikuwa na moyo wa kwenda sokoni tena. Wenzangu kazini walinizunguka kwa uangalifu. Mmoja, dada wa kaunta ya balbu, alikuwa na mtoto mdogo, na nilipofika aliondoa picha ya mwanawe kwenye simu akaweka ya maua. Niliona. Nilimshukuru na nikamchukia kwa pamoja.

Kansanga hakuna haja ya kwenda sokoni, soko linakuja lenyewe. Mchana duka lilipokuwa kimya aliingia mwanamke anayetembeza nguo za ndani, sidiria zimepangwa mkono mzima kuanzia bega mpaka kiganja, mpya, za dukani. Mimi nilitaka kumwambia apite. Lakini kamba ya bega la kushoto ilikuwa imeteleza tena ndani ya fulana, na nilikuwa nimechoka kuivuta mbele ya wateja. Nikamwambia nataka thelathini na nne, B.

Alishangaa. "Wewe iko jua namba yako! Wengi hapana jua." Akachomoa nyeusi, akanivalisha juu ya fulana, akanifunga ndoano, akanigeuza kama mwanasesere. Haikubana, haikupwaya. Mikanda ilikaa. Akarudi nyuma hatua moja kuniangalia vizuri, akapiga makofi.

"Banange, angalia!" akaita, akiwaambia duka zima. "Hii ni titi ya musichana. Wewe hapana zaa bado, nyabo, eh? Nikitazama tu najua."

Dada wa kaunta ya balbu alisimama. Mpakiaji aliyekuwa akihesabu maboksi akaacha kuhesabu. Yule mama alikuwa bado anatabasamu, mikono kiunoni, akisubiri nikubali sifa yake. Alikuwa mtu mwema. Alinitazama kwa macho ya kazi yake, akatafuta kila mahali, asione dalili yoyote ya mwanangu.

Nilijaribu kusema nimezaa. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini angeuliza yuko wapi, anaitwa nani, ana umri gani, na mimi sikuwa na jibu hata moja, na maziwa yaliyokuwa yakinijibia hayakuwepo.

"Bado," nikasema.