Golikipa wa Wodi ya Wanawake

Nimeuguza wagonjwa miaka kumi na tisa, na mapacha nimeona wengi kuliko mawifi wanaopendana. Ndiyo maana msusi mmoja aliponiambia, "Nesi, nimemleta wifi yangu," nilidhani nimesikia vibaya.

Wifi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama mlangoni ingawa viti vilikuwa vitupu. Aliogopa kukilowesha kiti cha watu. Miaka minne nyuma alikaa na uchungu nyumbani siku mbili ndipo akapelekwa hospitali. Mtoto alizaliwa amekufa, na kile kichwa kilichobana muda wote huo kikaacha tundu kati ya kibofu na uke. Tangu hapo mkojo ulimtoka wenyewe, usiku na mchana. Aliacha kufundisha. Alishonwa mara mbili, hospitali mbili tofauti, na mara zote mshono ukaachia. Mumewe, kaka yake msusi, alihama bila hata kuaga.

"Kaka yangu ndiye aliyeondoka," msusi alisema, akitandika taulo kwenye kiti. "Mimi sijatoa talaka. Kaa, mwalimu."

Daktari wetu wa upasuaji, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alimpima, kisha akachukua karatasi na kuchora.

"Mbona zile operesheni mbili zilishindikana?" mwalimu aliuliza.

"Tundu liko chini, karibu na shingo ya kibofu, na pembeni pamejaa kovu gumu. Kovu halipati damu ya kutosha. Ukivuta kingo kwa nguvu ukashona, zitaachana tu."

"Sasa wewe utafanyaje?"

Daktari alieleza taratibu. Kwanza angeitafuta mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo na kupitisha vijimpira vyembamba ndani yake, asije akaishona kwa bahati mbaya. Kisha angelikata kovu na kukibandua kibofu kutoka kwenye ukuta wa uke, mpaka kingo za tundu zikutane zenyewe bila kuvutwa. Angefunga kibofu, akijaze maji ya bluu aone kama panavuja. Mwisho angechukua kipande cha mafuta kwenye shavu la uke, kikiwa bado na mishipa yake ya damu, akilaze katikati kama mto, ndipo afunge ukuta wa uke juu yake.

"Yaani unampokonya huku unampa kule?" msusi aliuliza.

"Mafuta kidogo tu."

"Chukua ya kwangu, daktari. Mimi ninayo ya kugawa."

Mwalimu alicheka. Daktari naye alitabasamu, lakini akasema ukweli: kwa mtu aliyekwisha kushonwa mara mbili, hawezi kuahidi.

Walimwingiza chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi, wakamtoa saa saba mchana. Alirudi na mpira wa mkojo uliounganishwa na mfuko kando ya kitanda, na amri moja: wiki tatu kibofu kisijae. Mpira ukijikunja au kuziba, mkojo utajaa, utausukuma mshono, na kazi yote itaharibika.

Msusi aliichukua amri hiyo kama kiapo. Alivuta kiti, akakaa kuhesabu matone. Mgeni akitaka kuketi kitandani, alifokewa: "Utakalia mpira!" Alimnywesha wifi yake maji hadi mwalimu akalalamika kwamba sasa anageuzwa samaki. Haikupita siku ya tatu wagonjwa wakambatiza Golikipa, kwa kuwa alilinda mpira kuliko wanaolipwa. Aliposikia alijibu, "Na sifungwi."

Siku ya sita, baada ya chakula cha mchana, alinijia mbio, viatu mkononi.

"Nesi, matone yamesimama!"

Nilikuta bonge dogo la damu limeziba mpira. Nilisukuma maji safi polepole kwa bomba la sindano, nikavuta, nikarudia. Mara ya tatu bonge lilitoka, na mkojo ukaanza kushuka. Nilipogeuka, msusi alikuwa ameketi sakafuni analia kwa kwikwi.

"Wifi, si bonge limetoka?" mwalimu alisema. "Unalia nini tena?"

"Siku ile ya uchungu, ni mimi niliyesema tusubiri. Nilisema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Wewe ulikuwa chumbani, hujui."

"Nilikusikia. Nilikuwa na uchungu, sikuwa kiziwi."

"Miaka yote hii unajua?"

"Najua. Nilikuchukia mwaka mzima, nikachoka. Hebu inuka, sakafu ina baridi."

Nilijifanya nina kazi kitanda cha pili.

Wiki tatu zilipotimia, daktari alijaza kibofu maji ya bluu na kuweka shashi tatu ukeni. Tulisubiri. Akazitoa moja baada ya nyingine: nyeupe, nyeupe, nyeupe. Mwalimu aliomba azishike mwenyewe, na muuguzi mwenzangu akamvalisha glavu.

Haikuwa miujiza. Mpira ulipotolewa, alivuja kidogo kila alipokohoa, kwa sababu misuli ya shingo ya kibofu ilikuwa imelegea. Tulimfundisha mazoezi ya kuibana na kuiachia. Daktari akamwonya pia kwamba akipata mimba tena, asingoje uchungu. Azae kwa upasuaji.

Baada ya miezi sita walikuja kliniki. Akipiga chafya bado lilimtoka tone moja moja, lakini alikuwa amerudi kufundisha darasa la pili, vipindi vya asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipopita kwenye benchi nikiita majina, nilimkuta mwalimu amesinzia, kichwa begani kwa wifi yake, na msusi akaniashiria kwa kidole nisimwite jina lake kwanza.