Saa Yenye Sita Juu

Mama alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku ile ya mnada kule Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilimwomba kitu kimoja tu: anyamaze. Saa ya marehemu baba yake ilikuwa juu ya meza ya dalali. Babu aliiuza kwa jirani wakati paa la nyumba yetu ya Mji wa Kale lilipoporomoka. Sasa jirani naye alikuwa amefariki, na warithi wake wanauza vitu vyake. Mama alitaka saa irudi nyumbani, basi. Tungeonyesha hamu, bei ingepanda tuikose.

Wa kuogopwa alikuwa muuza saa za kale mmoja, stadi kwelikweli. Alitia lenzi jichoni, akaufungua mgongo wa saa, akaitikia kwa kichwa. Mashine ilikuwa ya Uswisi, namba zake zimelingana na za kasha. Nilikata tamaa. Halafu akaigeuza, akautazama uso wake. Sita ilikuwa juu, kumi na mbili chini, na jina la kiwanda limesimama kwa kichwa.

“Saa hino imeungwaungwa,” akamwambia dalali. “Kiwanda gani kitatia sita juu?”

Akairudisha mezani kama samaki aliyeoza, na wengine wote wakamfuata. Mama alinifinya mkono mpaka nikaumia. Nilijua anacheka ndani ya buibui. Tuliipata kwa bei ya bure. Palepale akaitia ufunguo, akailinganisha na saa ya ukutani.

Mlangoni yule muuza saa, mtu mwema kwa kweli, akamwonea Mama huruma, akauliza kwa nini amenunua kitu kibovu. Hapo nikajua kumnyamazisha tena haiwezekani.

“Hebu nambie, mwanangu,” Mama akasema, “sasa saa ngapi?”

Akatazama mkononi mwake. Mishale ilikuwa kwenye kumi na mbili.

“Saa sita,” akajibu, kama sote tunavyojibu bila kufikiri.

Mama akamwonyesha ya kwake. Mishale imesimama wima, imeelekea sita. Babu alichoka kusoma kumi na mbili na kusema sita, akamwambia fundi augeuze uso.

Yule bwana alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza kama angeuziwa. Mama alikuwa ameiweka saa sikioni, anaisikiliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alinyamaza bila kuombwa.