Umeme wa Kurudi Nyumbani

Katika miaka ya tisini kaka yangu alipooza miguu, na Mungu akanijaalia kazi ya kumsukuma. Kila Ijumaa nilimtoa nyumbani kwetu Mji wa Kale kwa kiti cha magurudumu hadi msikiti mmoja wa Bondeni, alikozoea kuswali tangu ujana. Njia si ndefu. Kilichomchosha kaka ni salamu. Watu walinipa mkono mimi niliyesimama, kisha wakaniuliza mimi, naye yupo papo hapo, "Mgonjwa yu hali gani?"

Kaka alijibu kutoka chini, "Mgonjwa asema hajambo, alhamdulillahi."

Hakulalamika. Ila mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alipomwandikia kumuuliza anataka nini, kaka alijibu kwa mstari mmoja: kitu cha kumfikisha msikitini bila ya mtu nyuma yake.

Kiti cha umeme kikaja kwa meli. Kilikuwa na betri mbili chini, kijiti cha kuendeshea na chaja ya kuchomeka ukutani. Karatasi yake ilitaja maili za kumfikisha ufukwe wa Mama Ngina na kumrudisha, na nyingine zikabaki. Lakini kiti kilikuwa kimeshatumika huko kilikotoka, na nadhani maili nyingi alizimaliza mwenyewe wa awali.

Ijumaa ya kwanza alikwenda peke yake. Mimi nilimfuata nimebeba msala wake wa kuswalia, nikifikiria thawabu zangu zinazopotea. Watu waliinama, wakampa mkono yeye. Wakati wa kurudi, mbele ya duka la misumari na mabomba, nusu ya njia, kiti kilipunguza mwendo kikasimama.

Mwenye duka, Muhindi Mwislamu tuliyejuana naye tangu zamani, alitoka akatazama. "Punda amekataa, mzee wangu?"

"Hajakataa. Amekwisha," kaka akajibu.

Nikasukuma. Kiti cha zamani kilikuwa na uzito wa kaka yangu. Hiki kilikuwa na uzito wa kaka yangu na wa betri mbili. Ijumaa tatu mfululizo kilisimama palepale, nami nikasukuma.

Ya nne tulichukua chaja ndani ya kikapu. Baada ya swala imamu alituonyesha soketi karibu na feni. "Chomeka hapa, shekhe wangu."

"Umeme huu ni wa waqfu, uliotolewa kwa ibada tu?" kaka akauliza.

"Ni wa waqfu. Nawe umekuja kuswali."

"Kuja nimekuja kwa umeme wa nyumbani. Huu utanirudisha kula pilau."

Imamu alionyesha feni kwa kidole. Akasema haoni ubaya, mbona waumini wote wanapata feni. Kaka akasema feni hawaendi nayo nyumbani. Chaja ikarudi kikapuni.

Kiti kikasimama mbele ya duka, kama kawaida yake. Tulipomweleza mwenye duka, alitucheka waziwazi. "Wallahi, nyinyi watu wa Mji wa Kale! Lete waya huo. Umeme wa hapa ni wangu mwenyewe, nami nakupa. Una neno?"

Kaka akampa chaja.

Betri zile hazikuwa na haraka. Tangu swala ya Ijumaa hadi alasiri zilipata umeme wa kumfikisha mlangoni kwetu, bila ziada. Ikawa ndiyo desturi: kaka anakaa baina ya ndoo na makopo ya rangi, wanunuzi wanamsalimu na kumuuliza bei, naye anawajibu. Mimi aliniambia nisimngoje. Nisingeweza hata ningetaka, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa haujasahau zile Ijumaa tatu.

Siku moja umeme ulikatika. Mwenye duka akanipigia simu. "Kaka yako yuko hapa. Chaja imelala."

"Nakuja."

Nikamsikia kaka kwa nyuma, "Mwambie asitoke! Umeme utarudi. Mimi sina safari nyingine."

Alirudi magharibi ikiadhiniwa. Nilikuwa nimejinyoosha mkekani, mke wangu akinikanda mgongo kwa mafuta. Kaka aliingia na kiti chake, akasimama karibu na miguu yangu, akamtazama mke wangu.

"Shemeji, mgonjwa yu hali gani?"

Nikajibu kutoka chini, "Mgonjwa asema hajambo, alhamdulillahi."