Nguvu za Sauda Zilikokwenda

Sauda wa hapa Sudi nimetwanga naye kinu kimoja miaka thelathini na mbili. Kwenye mashine hatuendi. Unga wa huko unanuka dizeli, na anayebisha aje anuse. Tunatia makopa ya muhogo, yeye anapiga, mimi napiga, michi inapishana bila kugusana. Siku zote alinizidi, nasema kweli, maana mimi mnene na pumzi yangu fupi. Amezika waume wawili, mikorosho yake anapalilia mwenyewe, na sasa analea wajukuu wanne wa marehemu binti yake. Kuomba hajui. Hata chumvi hajawahi kuniomba.

Mwaka huu, mwezi wa pili, akaanza kuchoka kabla yangu. Siku moja akautupa mchi chini.

"We mwanamke, unaniibia nguvu!"

"Mimi?"

"Kila nikitwanga na wewe narudi nyumbani mtupu. Wewe unazidi kunawiri. Nguvu zangu zinakwenda wapi?"

Neno hilo huku kwetu si la mchezo, ni kuitwa mchawi. Likitoka nje ya ua, hakuna mwanamke atakayeshika mchi na mimi tena. Nilimfukuza, hakuondoka. Tukapiga kelele mpaka mpangaji wangu akatoka chumbani, Mwalimu Maftaha, anayefundisha fizikia sekondari.

"Shikamooni, bibi zangu. Kuna nini?"

"Marahaba. Muulize mchawi wako nguvu zangu kazipeleka wapi," Sauda alisema.

Maftaha hakucheka. Akamwambia atie mkono kinuni. Nami nikatia wangu, sikubali kuachwa.

"Unga ukoje?"

"Wa moto," Sauda akasema.

"Jua limeingia humo?"

"Kinu kiko kivulini, huoni?"

"Basi joto hilo umelitia wewe, bibi. Ukiinua mchi, nguvu yako inapanda nao. Mchi ukishuka, inakuwa mwendo. Ukigonga, nyingine inavunja makopa, nyingine inatoka kwa kelele, nyingine inakuwa joto. Shuleni tunaiita nishati. Haipotei, inageuka tu."

Nilitaka kubisha, lakini vidole vyangu vilikuwa ndani ya unga ule ule.

"Mbona sasa mimi naishiwa?" Sauda akauliza.

"Kwa sababu haizaliwi bure pia. Muhogo uliichukua juani, wewe unaichukua kwenye muhogo. Usipoitia mwilini, mkono hauna cha kutoa. Jana umekula nini?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chai."

"Na juzi?"

Akanitazama mimi, siyo mwalimu. "Chai. Ugali wanakula watoto."

Wiki tatu nilisimama hatua moja kutoka kwake, nikiona mifupa ya shingo yake, nikasema ni uzee. Hilo siwezi kumsingizia mtu mwingine.

Nikachekecha unga, nikasonga ugali, nikapakua kisamvu. Sauda akajifunga kanga aondoke.

"Mimi siombi chakula."

"Nani kakupa chakula? Nusu ya unga huu umeupiga wewe. Mwalimu kasema nguvu zako zimo humu. Utaniachia mimi nizile, kisha ukanitangaze mchawi?"

Akakaa. Alikula polepole, kichwa chini, mpaka sahani ikawa nyeupe. Radhi hakuniomba, wala sikungojea. Alisema tu, "Kesho tutwange mapema."

Kesho yake alikuja alfajiri. Nilimzuia mlangoni. "Umekula?"

"Nimekula, askari we. Nipishe."

"Nini?"

"Kiporo cha ugali na dagaa!"

Nikampisha.