Mellen na Status ya Ijumaa

Mellen alikuwa na kipaji ambacho hakikuandikwa kwenye cheti chochote cha shule: angeweza kukuiga mbele yako ukacheka hadi machozi, kisha ukafika nyumbani na kuanza kujiuliza kama ulichekwa. Alimwiga chifu akihutubia baraza. Alimwiga muuza dawa ya panya na kipaza sauti chake. Aliiga hata jenereta ya kinyozi jirani ikikataa kuwaka, na kinyozi mwenyewe aliwahi kutoka nje mbio kuja kuiangalia. Pale Magunga, mji mdogo wa Suba, saluni yake ndogo haikukosa wateja, na nusu yao, ukweli usemwe, nywele zao zilikuwa bado nzuri.

Kwao ni Kehancha, upande wa Migori, Mkuria wa kuzaliwa. Aliolewa na Frankline, kijana wa Suba anayeuza dawa za mifugo kwenye duka moja mjini Homa Bay na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi boma lilikuwa la wanawake wawili: Mellen na mama mkwe wake, Priscah, mjane, muuza maharagwe na njugu, Msabato wa tangu tumboni. Mmoja alikuja na Kikuria, mwingine alikuwa na Kijaluo, wakakutana katikati kwa Kiswahili chetu kile cha sokoni, ambacho hakijali sana ngeli lakini ujumbe unafika. Kijaluo chenyewe Mellen alijifunza kwa kuiga: aliokota sauti kwanza, maana ikamfuata baadaye.

Priscah alimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, na alimpenda. Hilo liwekwe wazi mapema. Wapo mama wakwe ambao ukiwaudhi unahesabu ni faida, na huyu hakuwa mmoja wao. Mellen alipopoteza mimba yake ya kwanza, Priscah alifunga kibanda chake sokoni, akakaa naye nyumbani, akampikia uji wa wimbi, na hakumuuliza swali hata moja. Tangu siku hizo Mellen hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba ana mama wawili.

Sasa tuje kwenye simu. Frankline alimnunulia mama yake simu ya kupangusa, na haukupita muda Priscah akawa mtazamaji mkuu wa status katika kata nzima. Kuandika hakuandika, kuandika aliona ni kazi ya makarani. Alituma sauti, ndefu, zenye kuku na pikipiki ndani yake, na mwishoni alijitaja jina lake kamili kana kwamba yuko redioni. Status za watu alizitazama zote bila ubaguzi, akaketi na miwani yake nyuma ya magunia ya maharagwe, akazijibu zote kwa ile mikono miwili ya maombi. Harusi, mikono. Matanga, mikono. Bei mpya ya vifaranga, mikono.

Ila Ijumaa jua likielekea kuzama, simu zote za nyumba ile zilizimwa na kuwekwa ndani ya hotpot kuukuu ya chapati, kifuniko kikafungwa, mpaka jua la Jumamosi lizame. Hiyo ilikuwa sheria ya Priscah. Sheria ya pili ilikuwa kwamba Sabato haina ugomvi. Maneno ya wiki yangoje wiki.

Basi kulikuwa na mtindo uliozuka mitandaoni, wa watoto kuigiza mama zao wanavyorudi nyumbani jioni. Kila ukifungua simu unakutana na dume zima lenye ndevu limejifunga leso, linauliza nani aliacha sufuria bila kuosha. Nchi nzima ilicheka. Mellen aliziangalia zile video kama fundi anavyoangalia kiti kilichogongwa misumari vibaya. Hawa watu hawajui kuiga, alijisemea. Siku moja ya Ijumaa, saluni ikiwa na mteja mmoja tu chini ya mashine ya kukausha nywele, uvumilivu ukamwisha.

Alijifunga leso, akabeba mfuko wa nywele bandia kichwani kama gunia la njugu, akamkabidhi simu Lynnet, msichana anayemsaidia kusuka. Akaingia mlangoni akiwa Priscah. Akaburuta kile kiatu cha kulia. Akawasalimia kuku kwa majina yao. Akamgombeza paka kwa kosa ambalo paka alikuwa bado hajalifanya. Akatua mzigo, akaushika mgongo, halafu akainua uso kuelekea chumba cha ndani na kuita kwa ile sauti nyembamba inayopanda mwishoni:

"Wuon Frank, aseduogo."

Baba Frank, nimerudi. Baba Frank alikuwa amefariki kabla Mellen hajaolewa. Lakini salamu hiyo Mellen aliisikia kila jioni tangu afike pale, akaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia, asiuwazie tena. Kwenye video ulikuwa mwisho mzuri, basi. Lynnet alicheka hadi simu ikatikisika.

"Wee Mellen, hii ni moto. Iweke saa hii watu waone."

Mellen hakuwa mpumbavu. Alijua kuna watu wa kuona na watu wa kutoona. Aliingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, pale unapochagua status yako ionwe na nani, akaweka alama kwa mama mkwe wake na akina mama wanne wa kwaya. Aliweka alama haraka haraka, maana mteja alikuwa analalamika masikio yanaungua. Akatuma. Akaitupa simu kwenye droo ya vitana, akarudi kazini akipiga mluzi.

Alikumbuka kuiangalia alipokuwa nyuma ya boda boda, akirudi nyumbani. Alitarajia kukuta vicheko vya dada yake Phanice kutoka Kehancha, vya wateja, vya kila mtu. Hakukuta kitu. Akabonyeza jicho lile dogo la waliotazama. Palikuwa na jina moja: Mama Priscah.

Alirudi kwenye mipangilio. Kulikuwa na mstari wa kuwaficha unaowachagua, na chini yake mstari wa kuwaonyesha hao tu. Mellen alikuwa ameweka alama zake kwenye ule wa chini. Aliipika ile video na kuwapakulia walewale aliowafungia mlango, na wa kwanza kula alikuwa mwenye nyumba. Aliifuta papo hapo. Mikono ya maombi, ambayo haikuwahi kukosa hata kwenye bei ya vifaranga, safari hii haikuja.

"Madam, uko sawa?" mwendesha boda aliuliza, maana alikuwa amemshika mabega kwa nguvu.

"Endesha tu," Mellen alisema. "Pole pole. Hakuna haraka."

Priscah alikuwa mlangoni na hotpot mkononi.

"Nyar Kuria, jua linaenda. Leta simu."

Alileta simu. Alitafuta kitu kwenye uso wa mama mkwe wake, hasira au hata kicheko, asione chochote. Waliimba wimbo wa kufungua Sabato, wakaomba, wakala. Priscah aliomba kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri na Frankline. Mellen alisubiri wenye dharau waombewe, wala hakuwasikia wakitajwa.

Jumamosi yake ilikuwa adhabu. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja ambao kwa kawaida haufagiwi Sabato. Akabeba Biblia mbili, yake na ya mama, pamoja na mwavuli na shali. "Kwani mimi ni mgonjwa?" Priscah aliuliza, akachukua Biblia yake. Kanisani Mellen alizikagua nyuso za wale akina mama wanne wa kwaya mmoja mmoja, akaona hawana habari. Somo la siku lilikuwa juu ya ulimi, na mhubiri akawa anatazama upande wake zaidi kuliko ilivyohitajika. Alichoogopa hakikuwa kelele. Angeshukuru kugombezwa. Aliogopa kwamba maneno ya wiki yatakapofunguliwa, Priscah atamwita Mellen, kwa jina lake la kitambulisho, kwa adabu kama anavyoitwa mgeni, na ule umama umekwisha.

Walirudi nyumbani alasiri. Priscah alitangulia. Alipita kuku asiwaite. Paka alikuwa amekaa juu ya meza, kosa mkononi kabisa, na hakuambiwa kitu. Alikinyanyua kiatu cha kulia kwa uangalifu ili kisiburute. Akafika mlangoni, akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. Akaingia ndani kimya.

Mellen alibaki uwanjani. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliacha kujionea huruma. Alikuwa amezoea kuisikia ile salamu. Hakuwahi kuisikia ikikosekana, na sasa nyumba ilikuwa kama imefiwa upya, naye ndiye aliyeleta msiba. Alijiona mchafu. Hakulia, lakini chai aliyoipasha jioni ile aliisahau mezani mpaka ikapoa tena.

Jua lilizama. Wakaimba, wakaomba, Priscah akafungua hotpot na kuwasha simu yake. Aliipangusa kwa muda, akashusha miwani.

"Nyar Kuria. Ile video imeenda wapi? Naitafuta."

Aliitwa Nyar Kuria. Hakuitwa Mellen.

"Nilifuta, mama. Nisamehe. Ilikuwa ni kitu ya kuchekesha tu, watu wote wanafanya hivyo, na sikutaka..."

"Sijauliza hiyo. Uko nayo kwa simu yako?"

"Iko."

"Weka."

Walikaa kwenye kochi moja, bega kwa bega, wakaitazama. Kiatu kilipoburutwa Priscah aliguna. "Mimi natembea hivyo?"

"Kidogo, mama."

"Si kidogo." Kwenye paka alicheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha Mellen wa kwenye simu akainua uso na kuita, na Priscah akaacha kucheka. Video iliisha. Ikajirudia yenyewe, ikaisha tena.

"Hiyo ya mwisho," alisema. "Hiyo nasemanga kwa sauti?"

Mellen alidhani amesikia vibaya. "Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Nyinyi mnasikia?"

"Tunasikia. Nilifikiri unajua. Frank alisema nisiwahi kukuuliza, utaacha. Na mimi sikutaka uache. Nikiwa jikoni nikisikia hiyo, najua umefika poa."

Priscah alivua miwani akaifuta kwa leso yake, akairudisha, akaivua tena. "Mimi nilifikiri nasema kwa roho tu," alisema. "Miaka hii yote. Nilifikiri ni siri yangu na yeye." Aliinyooshea simu kidole. "Jana pale sokoni niliona hiyo kitu nikasema, huyu mtoto ameingia ndani ya roho yangu aje?"

Mellen aliomba msamaha tena, na safari hii hakutaja kwamba watu wote wanafanya. Alisema amekosea kwa kuchezea kitu cha mtu bila kukijua. Priscah alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka. Alipita kochi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbao kilichokuwa karibu na dirisha la chumba cha ndani, kile ambacho Mellen alikipangusa vumbi kila wiki na hakuwahi kuona mtu amekikalia.

"Toka nje," alisema. "Halafu uingie kama vile umeingia kwa simu. Nataka kusikia vile yeye alikuwa ananisikia."

"Mama, siwezi."

"Uliweza ya kuonyesha watu. Nionyeshe mimi."

Mellen alitoka. Safari hii hakuwa na leso, wala mzigo, wala mtu wa kushika simu. Kuku walikuwa wamelala. Aliburuta kiatu cha kulia kwenye changarawe, akawaita kuku kwa majina hivyo hivyo gizani, akamsema paka, akashika mgongo wake. Akainua uso na kuita:

"Wuon Frank, aseduogo."

Kutoka chumba cha ndani likatoka jibu. Lilikuwa kwa Kijaluo, kwa sauti nzito, ya uvivu, ya mwanamume aliyekuwa na njaa na asiyetaka kukubali kwamba alikuwa ana wasiwasi.

"Afadhali. Nilidhani umeolewa na soko."

Mellen alisimama palepale mlangoni. Hakuwahi kumsikia yule mzee. Hata picha yake alikuwa ameona moja tu. Lakini alijua jinsi kazi ile ya kuiga inavyofanywa, na alijua kwamba mtu haigi hivyo isipokuwa amesikia sauti ile maelfu ya mara na bado anaisikia.

"Alikuwa anajibu hivyo?" aliuliza.

"Kila siku. Maneno hayo tu, hakuwahi kutafuta mengine." Priscah alikuwa analia na kucheka pamoja, na hakujificha. "Tangu aende, mimi nasema yangu naingia, nasema yangu naingia. Hakuna mtu amenijibu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Rudi nje, Nyar Kuria. Fanya tena. Na hiyo kiatu uburute vizuri, umeanza kunionea huruma."