Daktari Gakii na Wasifu wa Kipngeno

Daktari Gakii ni Mmeru aliyezaliwa Coventry, na Uingereza haijamtoka: chai bado anaitia maziwa baridi, kosa ambalo Wakenya wenzake hawajamsamehe, na kabla ya kukukosoa hutanguliza samahani. Alisomea historia ya uchumi, akaandika kitabu kinene kuhusu wanawake wa viwanda vya nguo huko Lancashire, kisha chuo kimoja cha Arlington, huku Texas, kikamwajiri. Wanafunzi wanamwogopa. Wakenya wa Texas wanamjua kwa jambo jingine kabisa: akifa mtu, yeye ndiye anayeandika wasifu wa marehemu.

Na wasifu wake hauna porojo. Marehemu wetu husifiwa kwa shule alizosoma na vyeo alivyoshika Kenya. Akishapanda ndege kuja Amerika, habari zake hukatika, utadhani alikuja kulala. Gakii hataki kusikia hayo. Anasema historia ya uchumi ni kazi za watu, basi, na kazi haifichwi.

Kipngeno alipofariki, mjane wake Everline aliisoma rasimu akaisukuma kando. Mumewe alikuwa meneja wa benki Kericho. Huku alibeba maboksi kwenye ghala moja la Mesquite mpaka alipougua.

"Daktari, hiyo ya warehouse toa. Watu wa nyumbani wata-watch live. Wanajua alikuwa ofisini."

"Samahani, Everline, sitoi. Maboksi hayo ndiyo yaliwasomesha ndugu zake. Ukiyafuta, umemfuta yeye. Lakini mume ni wako na msomaji ni wewe. Ukifika hapo, ruka."

Everline alilia kwa hasira. Gakii alimhurumia sana, ila hakufuta hata neno moja. Ana kichwa kigumu mama huyu, na tunampendea hicho hicho.

Jumamosi kanisa lilijaa. Everline alisoma shule, benki, harusi. Alipofika pale pa ghala akainua macho, akamtazama Gakii. Gakii, kwenye kiti cha mbele, hakuinamisha macho.

"Mume wangu alibeba maboksi Mesquite," Everline akasoma, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Kisha akaikunja karatasi na kuitazama kamera.

"Na wewe mama yangu, huko nyumbani mnaniita nesi. Mimi si nesi. Naosha wazee hapa Lewisville, na Jumatatu narudi job."